Viatu vya Dalali wa Maembe

Matinyani, Kitui
13 Januari 2025

Kwa Mwalimu Nyamai Kiilu,

Shikamoo Mwalimu.

Jina langu ni Kathini Musyimi. Nina miaka kumi na minane na nilimaliza Kidato cha Nne Novemba iliyopita. Ninaishi Matinyani na nyanya yangu, ambaye sisi humwita susu. Anwani yako niliipata nyuma ya kitabu chako *Gunia la Saba*. Nimekisoma mara nne. Mara ya nne nilikuwa namjua muuaji na bado nilienda kufunga mlango.

Ningekupigia simu, lakini nikiongea na mtu nisiyemjua sauti hunipotea. Hata dukani huonyesha kwa kidole. Kwa barua angalau naweza kufuta.

Nina maswali machache. Unaandika saa ngapi? Unasoma vitabu gani? Watu wa kwenu wanakuogopa?

Pamoja na barua hii nimetuma madaftari mawili. Ni hadithi yangu ya upelelezi, nimeiita "Dalali wa Maembe". Imenichukua miaka miwili na sina nakala nyingine. Mashine ya kopi iko sokoni, lakini mwenye duka hupenda kusoma karatasi za watu kwa sauti. Susu hajui kwamba naandika. Naomba uisome, uniambie ukweli kama niendelee au niache, kisha unirudishie. Tafadhali yasipotee.

Wako mwaminifu,
Kathini Musyimi


Mukuyuni, Makueni
27 Januari 2025

Mpendwa Kathini,

Marahaba. Samahani kwa herufi "r". Kwenye taipureta yangu hupanda juu ya wenzake na hakuna fundi aliyebaki wa kuishusha.

Naamka saa kumi na moja. Nawafungulia kuku, nakunywa chai ya rangi, naketi. Naandika kwa penseli mpaka jua lifike kwenye mguu wa tatu wa meza, halafu naacha hata kama mtu ameshikiwa kisu. Huyo atangoja. Ndengu zangu shambani hazingoji. Kila ukurasa nikiumaliza naugeuza uso chini juu ya wenzake, nisije nikashawishika kuusahihisha. Kitabu kikiisha ndipo nageuza rundo lote na kukipiga taipu.

Kuhusu kusoma, watu hudhani nasoma mauaji tu. Nasoma matangazo ya vifo gazetini, hasa orodha ya jamaa, kwa sababu aliyeachwa nje ya orodha ndiye mwenye hadithi. Nasoma hadithi za mapenzi ambazo mtawa mmoja huniazima akiwa amezifunika kwa karatasi ya kalenda. Na kila Jumanne naenda mahakamani mjini Wote, naketi benchi la nyuma na kusikiliza. Uongo wa kitabuni lazima uwe nadhifu. Wa mahakamani una jasho na kikohozi, na ndio unaonifundisha.

Watu wa hapa hawaniogopi. Muuza nyama huniomba kila wiki niue mtu mwenye jina la mshindani wake. Marehemu mke wangu Muthoki, aliyekuwa na meza yake sokoni, hakusoma hata kitabu changu kimoja. Alipokuwa akirudi jioni aliuliza, "Mwalimu, leo umeua wangapi?" Nikisema hakuna, alisema, "Basi ulikuwa umekaa tu." Kwa miaka thelathini na mmoja hilo ndilo swali pekee aliloniuliza kuhusu kazi yangu.

Madaftari yako sijayafungua, tunavuna. Lakini chukua ushauri mmoja. Msomaji wa hadithi za upelelezi hamwamini yeyote, na mwandishi wake asimwamini yeyote. Mimi nilimwamini mtu mmoja, nikapoteza kitabu kizima.

N. Kiilu


Matinyani
10 Februari 2025

Mwalimu,

Asante sana. Barua yako nimeisoma nyuma ya zizi la mbuzi, mahali ambapo hakuna anayeniita.

Nimejaribu kuamka saa kumi na moja kama wewe. Susu aliniuliza kama ninaumwa. Meza yetu haipati jua, kwa hiyo naacha kuandika mbuzi wakianza kelele. Nimejaribu pia matangazo ya vifo. Kuna mzee mmoja ana watoto tisa kwenye orodha lakini kwenye picha ya familia wako kumi. Sijalala vizuri tangu nihesabu.

Yule mtu aliyekupotezea kitabu alikifanyia nini? Usinijibu kama ni jambo baya.

Ukimaliza kuvuna, naomba usome madaftari yangu. Nayafikiria kama mtoto aliyeenda kulala kwa watu.

Kathini


Mukuyuni
24 Februari 2025

Kathini,

Nimeyasoma mara mbili.

Katika daftari la kwanza, dalali wa maembe anakutwa amekufa ndani ya ghala Emali. Amevaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto, cha kushoto mguu wa kulia. Hilo ulilipata wapi? Na mlinzi anayekula machungwa na kumeza mbegu zote, ulimpata wapi?

Nijibu kabla hatujaongea lingine.

N. Kiilu


Matinyani
3 Machi 2025

Mwalimu,

Nilifikiri tu. Mambo huja yenyewe ninapoteka maji. Mlinzi huenda nilimwona mahali.

Kama hadithi ni mbaya sitakasirika. Naomba tu unirudishie madaftari. Mama mdogo wangu ameolewa huko Mukuyuni, naweza kumwomba ayapitie.

Kathini


Matinyani
17 Machi 2025

Zulekha mpenzi,

Nimempa barua hii dereva wa baba yako alipoleta unga dukani. Usimwambie mtu, hata mama yako. Najua unamwambia kila kitu.

Nilikuambia siku ya kufunga shule kwamba nitamtumia Mwalimu Nyamai hadithi yangu. Nilimtumia. Mwanzo alinijibu vizuri, barua ndefu, hata ya kuchekesha. Halafu aliposoma akabadilika. Aliniuliza nilipata wapi wazo la viatu, basi. Hakusema hadithi ni nzuri au mbaya. Nikamjibu, nikaomba madaftari, sasa ni wiki mbili kimya. Mama mdogo alienda nyumbani kwake mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa Mwalimu yuko mahakamani. Mara ya pili alimwona dirishani anapiga taipu, na alipobisha, sauti ya taipu ikakoma na mlango haukufunguliwa.

Anapiga taipu nini, Zule? Yeye mwenyewe aliniandikia kwamba hapigi taipu mpaka kitabu kiishe. Na aliniambia alipoteza kitabu. Sasa kipi kimeisha?

Nakuambia jambo moja na usinicheke. Nilimdanganya kuhusu viatu. Sikuvifikiria. Lakini pale nilipovitoa hakukuwa na mwenyewe, nina hakika. Karibu hakika.

Kathini wako


Kitui mjini
20 Machi 2025

We Kathini!

Nikucheke? Nimecheka mpaka baba akaniuliza kama duka limekuwa sinema. Miaka minne tumekaa dawati moja, wewe ndiye uliyekuwa unaniambia muuaji ni nani kabla sijafika ukurasa wa kumi. Leo mzee anakuibia mchana kweupe na wewe unaandika "karibu hakika".

Sasa shika kitu, usianguke. Wiki jana redio ya Kikamba ilikuwa imefunguliwa hapa dukani, unajua mimi naelewa nusu tu. Nikasikia jina lake. Nikamwita Mutie anayepima sukari anitafsirie. Mtangazaji alimuuliza Mwalimu anaandika nini siku hizi. Akasema amerudia kitabu cha zamani, cha dalali wa maembe aliyeuawa Emali. Emali, Kathini! Maembe! Mutie akasema, "Huyo mzee akiongea hivyo ameshamaliza."

Mwandikie. Si kwa hiyo sauti yako ya "naomba tafadhali samahani". Andika kama mimi. Sema hayo madaftari ni yako na mashahidi wapo. Mimi nilikuona ukiandika wakati wa somo la Kemia, na mwalimu wa Kemia pia alikuona, maana alikupiga chaki.

Na hao wenye viatu ni akina nani tena? Uniambie.

Zulekha


Matinyani
24 Machi 2025

Mwalimu Nyamai,

Nimesikia kwamba umesema kwenye redio unaandika kuhusu dalali wa maembe aliyeuawa Emali.

Dalali huyo yumo kwenye madaftari yangu. Mwanzo wake niliuandika mimi na mwisho wake niliuandika mimi. Kuna watu walioniona nikiandika. Ulikuwa mwandishi niliyemheshimu kuliko wote. Rudisha madaftari yangu kabla ya mwisho wa mwezi. La sivyo nitakuja Mukuyuni mimi mwenyewe na nitaongea, hata kama sauti itapotea.

Kathini Musyimi


Mukuyuni
2 Aprili 2025

Kathini,

Naandika kwa mkono kwa sababu mkono wangu una hasira na taipureta ni nzee.

Sasa nitakuambia na wewe umpelekee aliyekutuma. Miaka minne iliyopita nilikuwa na kitabu nusu, rundo la kurasa za penseli juu ya kabati. Dalali wa maembe, ghala la Emali, viatu vilivyovishwa kinyume, mlinzi wa machungwa. Nilikuwa nimekwama. Sikuweza kujua kwa nini muuaji amvishe maiti viatu. Mtu mmoja tu duniani nilimsimulia. Ni rafiki yangu Mulei, tuliyefundisha naye shule moja, sasa anauza mbegu Emali. Februari 2021 rundo likapotea ndani ya nyumba yangu. Hakuna mlango uliovunjwa. Mulei alikuwa amekuja wiki hiyo.

Nilimwita mwizi siku ya ntheo ya binti yake, mbuzi wa posa wakiwa wamefungwa uani, mbele ya wakwe. Hatujaongea tangu siku hiyo.

Leo mtoto nisiyemjua ananiletea mlinzi wangu akiwa anameza mbegu zilezile. Nilisema redioni ili anisikie na ajue najua. Mama mdogo wako aliniona napiga taipu. Ndiyo, nanakili ulichonakili wewe, mstari kwa mstari, ili niwe na ushahidi.

Mulei alikulipa nini? Au wewe ni binti yake mwingine? Madaftari hayatoki hapa mpaka uniambie.

N. K.


Matinyani
9 Aprili 2025

Zulekha,

Keti kwanza.

Barua yake imekuja, ya penseli. Ni ya kunishtaki, anasema nimetumwa na mtu anayeitwa Mulei aliyemwibia kitabu. Nilikuwa nalia kwa hasira, nikaigeuza karatasi niiweke uso chini nisiione. Nyuma yake kuna mtihani wa Kiswahili, Kidato cha Pili. Swali la nne: "Mwandikie rafiki yako barua ukimweleza kwa nini hukuhudhuria harusi ya dada yake."

Swali hilo nalijua kwa moyo. Liko nyuma ya karatasi nne zilizo chini ya godoro langu.

Ulinitaka nikuambie habari ya viatu. Tulipokuwa Kidato cha Kwanza na cha Pili, susu alikuwa akienda Mukuyuni kila mwezi kuuza vikapu vya kiondo huko kwa mama mdogo, akirudi na ugoro wake, kwa sababu anasema wa Matinyani haupandi kichwani. Ugoro ulifungwa kwa karatasi. Upande mmoja mtihani, upande wa pili hadithi ya penseli. Ya kwanza ilianza katikati ya sentensi, ukurasa wa 41, mtu amekufa na viatu vyake vimevaliwa kinyume. Mwezi uliofuata ikaja 42. Nilidhani ni mwanafunzi fulani aliyechoka na mtihani akatunga hadithi. Kila moja niliiandikia mwezi pembeni. Zilikuja kumi na saba, zikakoma. Sikuweza kuvumilia, Zule, mtu amelala ghalani na hakuna anayekuja. Nikamtungia mwanzo, nikamtungia mwisho, na zile za katikati nikazinakili kwenye daftari.

Mwandiko ni huohuo. "K" yake ina mkia uliojikunja kama wa nge.

Mwizi nilikuwa nikimtafuta, na ni mimi.

Nifanye nini?

Kathini


Kitui mjini
11 Aprili 2025

Kathini,

Leo sichekeshi. Choma hizo karatasi. Hakuna aliyeziona ila wewe na susu, na susu hasomi. Mwalimu hana kurasa, hana ushahidi, ana hasira tu. Wewe una mwandiko wako. Mwanzo ni wako, mwisho ni wako. Huyo Mulei humjui, Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekosana naye.

Ukimwambia ukweli atakuwa na haki ya kubaki na daftari, na ile miaka miwili yako imeenda. Fikiria vizuri. Halafu choma.

Nakupenda, na huo ndio ushauri wa duka.

Zulekha


Matinyani
14 Aprili 2025

Mwalimu,

Sikutumwa na mtu. Simjui Mzee Mulei na yeye hakuiba. Kurasa kumi na saba za kitabu chako ziko ndani ya bahasha hii. Zilikuja Matinyani zimefunga ugoro wa susu.

Rafiki yangu aliniambia nizichome. Nilibeba kiberiti mpaka nyuma ya zizi. Halafu nikamfikiria Mzee Mulei, siku ya binti yake, wageni wamesimama. Nikarudi ndani.

Nilikudanganya niliposema nilifikiri tu. Nilidhani mwandishi ni mwanafunzi asiyejulikana, na nikaona kitu kisicho na mwenyewe naweza kukimalizia. Hilo lilikuwa kosa. Kurasa ni zako. Kama unataka kubaki na madaftari, baki nayo. Nimelia tayari, kwa hiyo usinionee huruma.

Lakini kuna jambo lingine, na naogopa kuandika sentensi inayofuata.

Uliniambia mke wako alikuwa na meza sokoni. Hukusema alikuwa akiuza nini. Jana nilimuuliza susu ugoro ule alikuwa akiununua kwa nani. Nitaandika alivyosema, nisiongeze.

Alisema, "Kwa Muthoki. Si ni mke wa yule mwalimu anayeua watu vitabuni."

Nikasema, "Susu, mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Wewe ulikuwa unaninyang'anya karatasi kabla hata sijamimina ugoro kwenye kikopo."

Nikamuuliza kama Muthoki alikuwa akifungia watu wote kwa karatasi hizo. Akasema hapana. Mwanzoni ndiyo, alikuja na furushi la mitihani ya zamani iliyokuwa juu ya kabati, akafungia kila mtu. Halafu siku moja susu alimkuta anafungia watu kwa gazeti. Furushi lililobaki alikuwa amelikalia. Akasema amefanya kosa nyumbani, na mume wake amemtukana mtu asiye na kosa kwa ajili yake. Alitaka kusema, lakini kila alipotaka, wewe ulikuwa unaapa mezani kwamba mwizi huyo hutamsamehe mpaka kaburini.

Susu akamwambia, "Mimi nina mjukuu anasoma hata pakiti ya chumvi."

Tangu siku hiyo Muthoki alimpa karatasi moja kila mwezi, kwa mpangilio. Alimwambia, "Mwambie asiipoteze, mwezi ujao nitampa nyingine." Susu hakunifikishia, anasema aliona nazificha tayari. Na kila mwezi alimuuliza susu, "Mtoto amesema nini?" Susu alikuwa akimwambia. Sikujua, Mwalimu. Nilikuwa namsimulia susu hadithi na makisio yangu tukipukuchua mahindi, nikidhani ninaongea na yeye peke yake.

Karatasi ya mwisho ni ya Septemba 2022. Oktoba susu alirudi bila ugoro, na hakuniambia kwa nini.

Nisamehe kama ningepaswa kunyamaza.

Kathini


Mukuyuni
9 Juni 2025

Kathini, mwanangu,

Nimekaa kimya wiki nane. Wiki mbili za kwanza sikuamini. Nilikuwa nimeshazoea kutomwamini mtu, ukaja na barua isiyo na mahali pa kushikia uongo. Nilizitandaza karatasi zako mezani, nikazisoma upande wa mtihani, kama alivyoziona Muthoki. Nilikuwa nimezigeuza uso chini kwa mkono wangu. Nani asingedhani ni takataka za shule?

Halafu nilienda Emali. Mulei alikuwa nyuma ya kaunta anapanga pakiti za sukuma wiki. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kununua mbegu au kunishtaki tena?"

Nikaweka karatasi kwenye kaunta. Akachukua ya kwanza, akaisogeza karibu na macho, maana hana miwani mizuri. Akapiga chafya tatu.

"Hii ni nini?"

"Kitabu changu."

"Kinanuka kuliko nilivyokumbuka."

Nikamweleza. Nilipofika kwa Muthoki nikashindwa, akanivutia kiti. Kisha akasema, "Binti yangu ana watoto wawili sasa. Utaenda kwake na mbuzi wako mwenyewe, na utaongea mbele ya wakwe walewale. Mimi hutaniambia kitu." Nilienda Jumamosi iliyopita. Sauti yangu ilipotea, kama yako. Nilianza upya mara tatu.

Madaftari yako yamo ndani ya kifurushi hiki. Nimepiga mstari wa penseli pembeni ya maneno yaliyo yangu. Utaona ni machache kuliko ulivyoogopa. Niliyoyanakili nimeyachoma, kwa kiberiti, mimi nikiwa nyuma ya banda la kuku. Kurasa zangu kumi na saba ulipewa na mtu aliyekuwa na haki ya kukupa, na sizitaki. Maliza kitabu. Mtafutie dalali jina lingine, na umpunguzie mlinzi machungwa. Mambo mengine usiguse. Hasa mwisho.

Kwa miaka minne nilimtafuta muuaji anayeweza kumvisha maiti viatu, na hakuwepo. Kwenye daftari lako la pili, aliyemuua ni mwingine na alikimbia. Mama yake dalali ndiye aliyefika wa kwanza, akamkuta mwanawe miguu mitupu, akaona aibu watu wamkute hivyo. Akamvisha. Machozi yalikuwa yamemjaa, hakuona mguu upi ni upi. Nilipousoma mwisho huo mara ya kwanza nilikasirika kwa sababu ulikuwa sahihi, na kwa sababu nilihisi nimeshausikia mahali. Hilo ndilo lililonifanya niwe na hakika umetumwa.

Nilikuandikia Januari kwamba mke wangu hakuwahi kuniuliza swali lingine kuhusu kazi yangu. Si kweli. Nilikuwa nimelisahau. Ilikuwa Agosti 2022, tunakula, mimi nalalamika juu ya kitabu kilichoibwa. Akaniuliza, "Na kama aliyemvisha viatu si aliyemuua?"

Nikamwambia, "Muthoki, wewe uza ugoro."

Akanimiminia chai.

Mwezi uliofuata hakuwa na nguvu hata ya kubeba meza. Alienda sokoni siku moja tu. Nilisimama mlangoni nikamuuliza anaenda kufanya nini na hali hiyo. Akasema kuna mtu Kitui anangoja.

Nikadhani anangoja ugoro.

Nyamai Kiilu